Uzi: Msimbo wa depo umeshikana kama bukari (ugali) ya jana. Nidunge vitegemezi au nianze upya?

fundi_ruashi (Lubumbashi) · Jumatatu, 21:14

Jambo yenu wote. Naandika mbio kabla SNEL haijaja kuchukua umeme wake.

Mwaka wa pili huu natunza programu ya depo moja ya dawa hapa Lubumbashi. Depo yenyewe iko Kamalondo, na famasi mbili, Katuba na Ruashi, zinachukua bidhaa kwake. Nilianza peke yangu, Java tupu, karibu kila kitu faili moja. Sasa kuna moduli nne: mauzo, stoki, malipo, taarifa. Ni moduli kwa jina tu, maana ukivuta moja zote nne zinakuja, kama bukari iliyolala sufuriani.

Mfano:

```
class Mauzo {
    private final MalipoYaSimu malipo = new MalipoYaSimu();
}
```

Patroni alipotaka tupokee pesa za kampuni ya pili ya simu, niligusa faili 19. Majaribio ndiyo aibu kubwa zaidi. Nikiendesha jaribio la mauzo, programu inagonga seva ya kweli ya kampuni ya simu na kukata falanga 500 kwenye laini yangu mwenyewe. Nimefikia kupima mara moja kwa wiki, siku nikiwa na salio.

Halafu famasi ya Katuba ikiwa na zamu ya usiku, hesabu ya siku haikubaliani na pesa za droo. Na lililonileta hapa: Ijumaa mtandao ulikatika katikati ya malipo, keshia akabonyeza tena, mama mmoja akakatwa mara mbili. Dola 38. Alirudi na kaka zake wawili.

Rafiki ananiambia: weka Spring na Camel, zile fremuweki (viunzi tayari vya kujengea programu) za Java, yote yataisha. Kweli yataisha?

---

binti_kadutu (Bukavu) · Jumatatu, 21:40

Pole, ndugu. Pole zaidi kwa yule mama.

Rafiki yako amekuandikia dawa mbili kabla ya kukupima. Faili 19, majaribio yanayokula salio, na nahisi hata ile hesabu ya usiku, ni ugonjwa mmoja. Kukatwa mara mbili ni ugonjwa mwingine kabisa, na Spring hata ukiinywa asubuhi na jioni haitauponya. Tuanze na wa kwanza.

Umewahi kujenga nyumba? Kuna fundi mwashi unayemwambia "nijengee ukuta", anaondoka mwenyewe kutafuta saruji. Hujui ameinunua wapi, kwa bei gani, wala kama mfuko ulikuwa na unyevu. Siku ukitaka saruji nyingine, lazima ubishane naye. Na kuna yule anayekuandikia orodha: mifuko kadhaa, mchanga, matofali. Wewe unaleta, yeye anajenga. Ukimletea matofali mabovu makusudi kuona atafanya nini, unaweza.

Mauzo yako ni mwashi wa kwanza. Hilo `new`, neno la Java la kutengeneza kitu kipya, ndilo safari yake ya dukani. Mfanye wa pili:

```
class Mauzo {
    private final Malipo malipo;
    private final Saa saa;

    Mauzo(Malipo malipo, Saa saa) {
        this.malipo = malipo;
        this.saa = saa;
    }
}
```

`Malipo` hapa si klasi (kipande cha msimbo) ya kampuni yoyote. Ni kiolesura, yaani mkataba: "naweza kuomba pesa, naweza kuuliza hali ya muamala". Kampuni ya kwanza inatekeleza mkataba huo, ya pili pia. Kwenye jaribio unaleta malipo ya uongo yanayojibu "imekubaliwa" bila kugusa mtandao, au "salio halitoshi", au yanayonyamaza tu. Salio lako linapona.

Hiyo ndiyo kudunga vitegemezi: klasi inaletewa kutoka nje vile inavyovitegemea. Imekwisha. Hakuna fremuweki hata moja niliyotaja.

Swali: saa ya seva yako inasoma ya wapi?

---

fundi_ruashi · Jumatatu, 21:52

Aksanti dada. Seva nimeiwekea `Africa/Kinshasa`. Nilichagua mji mkuu.

---

binti_kadutu · Jumatatu, 21:55

😂 Nilijua. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja nzima. Famasi ya Katuba ikiuza saa sita na dakika 20 usiku, seva inaona bado ni saa tano na dakika 20 ya jana. Dawa inaingia hesabu ya jana, pesa ziko droo ya leo. Kwenye orodha hiyohiyo kuna `Africa/Lubumbashi`, iko palepale.

Lakini usirekebishe mpangilio tu ukaenda kulala. Angalia kwa nini hukuweza kuligundua: ndani ya msimbo wako kila klasi inaiuliza mashine saa mwenyewe, kwa hiyo ili ujaribu usiku wa manane lazima ukeshe hadi usiku wa manane. Saa nayo ni kitegemezi. Java ina `java.time.Clock` tangu toleo la 8, mwaka 2014, na unaweza kuisimamisha dakika unayotaka. Nimekuandikia `Saa` kwenye mfano kwa ajili hiyo.

Na kiwango cha dola pia! Kama Mauzo inakwenda yenyewe kukisoma mahali fulani, kitabadilika katikati ya siku na stakabadhi ya asubuhi itachapwa upya kwa kiwango cha jioni. Kilete kutoka nje, kisha kihifadhi pamoja na uuzaji wenyewe.

---

pikipiki404 (Lubumbashi) · Jumatatu, 22:10

Kudunga! Kwenye programu ya famasi! Bwana, patroni akisikia ataongeza bei ya sindano.

---

papa_kamalondo (Lubumbashi) · Jumanne, 06:31

Watoto wangu, jambo. Binti wa Kadutu amesema vema. Niongeze ya mzee.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa kwenye idara ya kompyuta ya kampuni moja ya migodi, nitaiacha bila jina. Wakati ule kama unaandika Java ya kazi kubwa unaandika EJB, mtindo wa klasi zinazoishi ndani ya seva. Ili upime klasi moja ya hesabu ya mishahara, unawasha seva nzima, unangoja, unakunywa chai, unarudi, imeanguka. Klasi moja ilitaka violesura viwili na faili ya XML ya kuieleza, mpaka maelezo yanazidi kazi.

Rod Johnson, mtaalamu wa Java, alitoa msimbo wake mwaka 2002 akionyesha kwamba klasi za kawaida zinatosha, mtu wa nje azifunge pamoja. Huo ndio mzizi wa Spring, na toleo la 1.0 lilitoka Machi 2004. Mwaka huohuo, Januari, Martin Fowler, mwandishi wa mambo ya programu, aliandika makala iliyolipatia jambo hili jina tunalotumia. Watu walikuwa wakisema "kugeuza udhibiti", naye akauliza: udhibiti wa nini? Kila fremuweki inageuza udhibiti wa kitu fulani. Hapa kinachogeuzwa ni nani anayetafuta kitegemezi. Mwaka 2007 Google ikaachilia Guice, fremuweki yake ya kudunga, na 2009 ulimwengu wa Java ukakubaliana alama moja, `@Inject`, ili klasi yako isifungwe na kontena (chombo kinachokufungia vipande pamoja) la mtu mmoja.

Sasa kicheko. Tulikimbia XML ya EJB, tukaangukia XML ya Spring. Niliwahi kurithi faili moja ya mistari zaidi ya 3000, yote ya kufunga nyaya. Kosa la herufi moja, programu haiamki, na haisemi kwa nini kwa lugha ya binadamu. Kwa hiyo mudogo wangu wa Ruashi, una klasi ngapi? Kama hazifiki mia, funga nyaya kwa mkono, ndani ya `main`, pale programu inapoanzia, mahali pamoja. Utaiona programu yako yote kwa ukurasa mmoja.

---

chukudu_dev (Goma) · Jumanne, 08:02

Heshima kwako Papa, lakini hapo kwenye mia sikubali moja kwa moja. Mimi nilifunga kwa mkono mpaka klasi 60 hivi na nikachoka. Si wingi unaochosha, ni maisha ya vitu: hiki kiishi muda wote wa programu, hiki kwa ombi moja la mtandao, hiki kifungwe vizuri wakati wa kuzima. Kontena linafanya hayo bila kulalamika. Na XML ya Spring siku hizi karibu hakuna anayeandika.

Ila yapo mambo yaliyoniuma, uyajue mapema.

Usidunge kwenye sehemu za ndani za klasi kwa kubandika `@Autowired`, alama ya Spring ya kudunga, juu ya kila mstari. Ni rahisi mno, na hapo ndipo ubaya wake. Klasi inakusanya vitegemezi kumi na huhisi kitu. Ukipitisha kwenye konstrakta, mlango ambao klasi inatengenezwa kupitia kwake, cha saba tu kinakuonea aibu, unajua klasi hiyo inafanya kazi za watu watatu. Tangu Spring 4.3 konstrakta ikiwa moja huhitaji hata alama.

Halafu mduara. Stoki inamtaka Mauzo, Mauzo anamtaka Stoki. Zamani Spring ilikuwa inaupitisha kimyakimya ukidunga nje ya konstrakta. Spring Boot kuanzia 2.6, mwishoni mwa 2021, inakataa kuwaka. Wengi waligeuza mpangilio ili iwake hivyohivyo. Usifanye hivyo. Mara nyingi mduara unakuambia kuna kitu cha tatu ambacho bado hujakipa jina.

Na lililonipata mimi mwenyewe, nalisema kwa aibu. Kitu unachokikabidhi kwa Spring, usiposema vingine, kinatengenezwa kimoja tu kwa programu nzima. Mimi nikaweka orodha ya bidhaa za mteja ndani ya klasi ya namna hiyo. Keshia mmoja, kila kitu safi. Siku ya kuzindua wakakaa makeshia wawili, na mtu aliyekuja kununua sabuni akatolewa stakabadhi ya sabuni na magunia manne ya unga. Kitu cha pamoja kisibebe hali ya mtu mmoja. Na kitu cha muda mrefu kisishike kitu cha muda mfupi, maana kitakizuia kisife.

---

pikipiki404 · Jumanne, 08:15

Magunia manne aliyabeba? Si una chukudu, ile ya mbao ya kubebea mizigo 😂

---

mama_seva (Lubumbashi) · Jumanne, 12:47

Swali la mwanafunzi. Mimi nimetengeneza klasi moja ya jumla, popote nilipo naandika `Duka.nipe` pamoja na jina la ninachotaka, nalipata. Nayo inanikinga na `new`. Si ileile?

---

binti_kadutu · Jumanne, 13:20

Inafanana kwa mbali, mama. Fowler kwenye ile makala ya 2004 aliziweka njia hizi mbili pamoja na kuzilinganisha, na wala hakuidharau hiyo yako. Mimi siipendi kwa sababu moja: mwashi wako bado anakwenda dukani, ila sasa duka ni lako. Nikiisoma konstrakta ya klasi yako naona haihitaji chochote. Naiwasha, inaanguka dakika ya tano kwa sababu katikati ya kazi iliomba kitu ambacho hakuna aliyekiweka. Orodha ya mahitaji iwe mlangoni.

Na kwako fundi_ruashi, jambo ambalo watu wengi wanalikosea hata wakiwa na Spring. Kile kiolesura cha `Malipo` kiweke kwenye moduli gani? Wengi wanakiweka kwenye moduli ya malipo kwa sababu ya jina. Basi Mauzo inaitegemea moduli ya malipo, na humo ndani kuna maktaba za kampuni ya simu, na zote zinaingia. Umedunga, lakini bukari ni ileile.

Kiweke kwa anayekihitaji. Mauzo ndiyo inayosema "nahitaji mtu wa kuniombea pesa", kwa maneno yake yenyewe, bila neno hata moja la kampuni ya simu. Moduli za kampuni ndizo zinazokuja kuifuata Mauzo. Mshale unageuka. Parnas, mtafiti wa programu, alishaandika mwaka 1972 kwamba ugawanye programu kwa kufuata maamuzi yanayoweza kubadilika, kila moduli ifiche uamuzi wake, usiigawe kwa kufuata hatua za kazi. Wewe hapo kinachobadilika ni nani analeta pesa.

Ukitaka mashine ikulinde, Java 9 ya mwaka 2017 ina moduli za kweli: usichokitangaza hakionekani nje. Na `ServiceLoader`, ambayo ipo tangu Java 6, inaweza kukutafutia watekelezaji wa `Malipo` waliopo bila kontena lolote. OSGi, mfumo mwingine wa moduli za Java, inakwenda mbali zaidi, unachomoa moduli programu ikiwa inaendelea. Eclipse, programu ya kuandikia msimbo, inasimama juu yake tangu 3.0, mwaka 2004. Lakini depo yako inafungwa usiku na famasi ya zamu inaweza kungoja dakika mbili. Kubadilisha tairi gari likitembea ni kazi ya wengine.

---

foleni_moja (Kolwezi) · Jumanne, 19:05

Nimengoja mtu afike kwenye dola 38, naona mmefurahia tofali.

Kudunga kunaunganisha vipande ndani ya programu moja. Kipande kimoja kikimwita kingine, anajibu au anaanguka, na wote wanajua. Ukitoka nje ya programu, kwenda seva ya kampuni ya simu, kuna jibu la tatu: kimya. Pesa zimekatwa jibu likapotea njiani, au ombi lenyewe halikufika? Ukiwa Ruashi huwezi kutofautisha. Keshia aliposoma "mtandao umekatika" alielewa "haikulipwa". Programu yako ndiyo iliyomdanganya.

Kwa hiyo kila uuzaji upewe namba yake kabla ya kutoka nje, na namba hiyohiyo iende na kila ombi la malipo ya uuzaji huo, hata likirudiwa mara kumi. Andika kwanza kwenye hifadhidata: "nimeomba, sijui". Kisha tuma. Kikija kimya, hali inabaki "sijui", na kitufe cha kulipa kinabadilika kuwa cha kuuliza hali. Kampuni nyingi zina njia ya kuuliza muamala kwa namba yako, na nyingi pia zinakurudishia taarifa zenyewe baadaye. Soma maelezo ya kila moja uone kama namba iliyorudiwa inakataliwa au inahesabiwa upya. Usidhani.

Sasa Camel. Ni fremuweki ya ujumuishaji ya Apache, ipo tangu 2007. Inatekeleza mifumo ya kuunganisha programu ambayo Gregor Hohpe na Bobby Woolf waliikusanya mwaka 2003, mifumo 65: kipanga njia, kigeuzi cha ujumbe, foleni ya jumbe zilizoshindikana, na kadhalika. Unaandika njia: toka hapa, geuza, chuja, peleka pale, ikishindikana jaribu tena mara tatu, ikigoma iweke pembeni mtu aitazame. Viunganishi vyake vinazidi 300, kuanzia folda ya kawaida na barua pepe hadi foleni kubwa kubwa.

Na inacho hata kipande cha kukataa ujumbe uliokwisha pokelewa. Lakini hapa sikia vizuri, wewe wa Lubumbashi hasa. Kile cha mfano kinachoonekana kwenye mafunzo mengi kinakumbuka kwenye RAM. SNEL ikikata na betri ikiisha, kimesahau kila kitu, na foleni ikiamka inatuma tena. Tumia kile kinachoandika kwenye hifadhidata. Nilijifunza hilo kwa lori moja lililohesabiwa kwenye mizani mara nne.

---

fundi_ruashi · Jumanne, 20:18

Nimesoma mara mbili. Mkubwa foleni_moja, kwa kampuni mbili za simu na ujumbe wa SMS, niiweke Camel?

---

foleni_moja · Jumanne, 20:30

Hapana. Jedwali moja la "jumbe za kutoka" kwenye hifadhidata uliyonayo, uandike uuzaji na ujumbe wake kwa muamala mmoja wa hifadhidata (viandikwe vyote au kisiandikwe hata kimoja), na kazi ndogo inayopita kila sekunde chache kutuma ambazo hazijatoka. Siku msambazaji atakapoanza kukutumia bei kwa Excel kwenye barua pepe, mwingine kwa faili ya FTP, na mhasibu akitaka zake kwa namna nyingine, rudi tuzungumze.

---

chukudu_dev · Jumanne, 20:41

Mimi ningeiweka sasa. Hilo jedwali na kazi ndogo ndani ya miezi sita litakuwa Camel mbovu iliyoandikwa na mtu mmoja.

---

foleni_moja · Jumanne, 20:44

Inawezekana. Lakini atakuwa anaielewa, na saa tisa usiku ni yeye atakayepigiwa simu.

---

papa_kamalondo · Jumatano, 06:20

Hapo msigombane, wote wawili mmeshapigiwa hiyo simu.

---

fundi_ruashi · wiki tano baadaye, Jumapili, 17:33

Narudi na habari.

Sikuanza upya. Nilichukua Mauzo peke yake, nikatoa `new` zote, zikawa sita. Mbili sikujua kama zipo: moja ilikuwa inatuma SMS kwa patroni kila dawa ikipungua, ndiyo maana alikuwa akilalamika simu inalia hata nikiwa napima nyumbani. Nikahamisha kiolesura cha Malipo kwa Mauzo kama dada alivyosema. Nyaya zote nimezifunga kwa mkono kwenye `main`, mistari 70 na kitu. Spring bado. Stoki na Taarifa bado ni bukari, nitazifikia.

Majaribio ya mauzo sasa ni sekunde nne, bila mtandao, bila salio. Nimeandika moja la saa sita na dakika 20 usiku, Katuba, paracetamol boksi moja. Lilianguka mara ya kwanza hata baada ya kubadilisha saa ya seva, maana taarifa ya siku ilikuwa inajihesabia tarehe yenyewe mahali pengine. Sasa linapita.

Kampuni ya tatu ya simu tuliiongeza Jumatano. Faili mbili: klasi mpya na `main`.

Kuhusu kimya, nimeweka jedwali la kutoka. Ila kumetokea kitu cha ajabu. Mara mbili taarifa ya kampuni ya simu imefika kwangu ikisema "imelipwa" kwa namba ambayo hifadhidata yangu inasema haiijui. Halafu nusu sekunde baadaye namba inaonekana.

---

foleni_moja · Jumapili, 17:50

Unatuma ukiwa bado ndani ya muamala wa hifadhidata. Ombi limetoka, jibu limerudi, na wewe hujamaliza kuandika. Ile kazi ndogo ndiyo itume, na isome tu yaliyokwisha kuandikwa mpaka mwisho.

---

fundi_ruashi · Jumapili, 18:26

Ni hivyo kabisa. Kuna `tuma` moja niliyoiacha ndani ya Mauzo, "kwa muda". Nimeitoa. Yule mama wa dola 38 alirudi jana kununua dawa ya kikohozi, akalipa kwa noti.